Nipandikize jino la mbele kabla ya harusi, au nisubiri?

Shikamoo daktari,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ukerewe, nina miaka 29. Kwetu ni Arumeru, ajira ndiyo iliyonileta ziwani. Nikiwa darasa la sita nilianguka nikagonga jino la mbele la juu. Halikutoka, ila lilififia mwaka hadi mwaka mpaka likawa la kijivu. Nikiwa chuo likaanza kuuma, likatibiwa mzizi, likatulia. Mwaka huu limelegea, na kwenye ufizi juu yake hutokea kipele kinachotoa usaha, kinapotea, kisha kinarudi. Nilivuka kwenda Mwanza nikapigwa picha, nikaambiwa mzizi una ufa na jino haliwezi kuokolewa.

Nimeonana na madaktari wawili mjini. Wa kwanza anasema atang'oa, atapandikiza na kuniwekea jino siku hiyohiyo, niondoke nacheka. Wa pili anasema ling'olewe kwanza, tusubiri, huenda nikaongezewa mfupa, na kazi yote inaweza kufika miezi tisa au zaidi. Bei ya huyu wa pili inakaribia mara mbili ya mwenzake. Harusi yangu ni Desemba.

Kinachonitisha ni mwalimu mwenzangu aliyepandikiziwa jino la mbele. Ukimwangalia mara moja tu unajua. Jino ni refu kuliko la pembeni, jeupe pee, na ufizi juu yake una kivuli cha kijivu. Siku hizi anacheka kiganja kikiwa mdomoni. Mimi nikicheka fizi zote ziko nje, na ni fizi nyeusi. Nina mwanya. Meno yangu, kama ya wengi wa kwetu, yana madoa ya kahawia. Dada yangu ananiambia nitumie nafasi hii kuziba mwanya na kuyafanya meno yawe meupe kama ya watangazaji wa televisheni.

Mchumba wangu hajui habari za kung'oa. Nifanyeje? Na kuna sababu gani ya kutoa pesa zote hizo wakati yapo meno ya kuvaa ya bei nafuu?

Mwalimu wa Nansio

*

Marahaba, mwalimu. Pole sana.

Kwanza ujue nani anakujibu. Mimi najaza meno, natibu mizizi, nang'oa. Kupandikiza sipandikizi, nawapeleka wagonjwa wangu kwa wanaofanya kazi hiyo, kisha wananirudia na matokeo yao mdomoni. Kwa hiyo hapa sina cha kukuuzia.

Tuanze na harusi, maana ndiyo inayokukimbiza. Madaktari wako wanaonekana wanapingana, lakini kwa Desemba wote wawili wanakupa kitu kilekile: jino la muda. Hata huyo wa kwanza hawezi kukufungia jino la kudumu siku ya kung'oa. Atakachofunga juu ya skrubu, yaani kile kijiti cha chuma kinachopandikizwa kwenye mfupa kushika jino, ni jino la plastiki, tena linachongwa lisigusane kabisa na meno ya chini, kwa sababu skrubu bado haijashikwa na mfupa. Ukimfuata wa pili, utaingia ukumbini na jino la kuvaa, au lile linalogundishwa nyuma ya jino la jirani kwa kibawa chembamba. Mpiga picha hatajua tofauti, wala mama mkwe. Iondoe harusi kwenye hesabu, ubaki na swali lenyewe: miaka mitano kutoka sasa unataka ufizi wako uweje?

Nasema ufizi makusudi. Watu wakiona jino kama la mwenzako hudhani fundi wa maabara aliyelitengeneza alilichonga vibaya. Weupe ule, ndiyo, ni wa fundi, au wa mteja aliyeomba hivyo. Lakini urefu na kile kivuli cha kijivu havikutoka kwa fundi.

Meno ya mbele ya juu yana ukuta wa mfupa upande wa mdomo, na ukuta huo ni mwembamba kama ganda la yai; kwa watu wengi haufiki milimita 1. Unaishi kwa kulitegemea jino. Jino likitoka, ukuta unayeyuka. Ndani ya mwaka mmoja baada ya kung'oa, upana wa mfupa mahali pale unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Ufizi nao hauna mwili wake, unafuata mfupa ulipo. Sasa skrubu ikiwekwa mbele mno, karibu na mdomo, mfupa ulio mbele yake unaisha, ufizi unapanda, na jino linaonekana refu. Ufizi ukiwa mwembamba juu ya chuma, chuma kinaonekana kwa ndani, ndiyo ile rangi ya kijivu.

Mpandikizaji anayejua kazi huisogeza skrubu upande wa kaakaa, akabakiza kama milimita 2 za mfupa mbele yake, na huiacha angalau milimita 1.5 kutoka kwenye mzizi wa jirani. Huna haja ya kupima. Muulize tu: "Mbele ya skrubu utabaki mfupa kiasi gani, na mfupa huo ukiwa hautoshi utafanya nini?" Mwenye jibu atakujibu hata kabla hujamaliza kuuliza.

Skrubu yenyewe ni ya titaniamu. Mswidi Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyegundua katika miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa hai hushikamana na titaniamu kiasi cha kutotenganishika. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Tangu hapo mambo mengi yameboreshwa, lakini mfupa bado una ratiba yake: kwa kawaida miezi mitatu hadi sita mpaka ushike sawasawa. Utaambiwa pia kwamba zaidi ya 90 katika kila skrubu 100 zinakuwa bado zimesimama baada ya miaka 10. Ni kweli. Ila anayehesabu anahesabu skrubu iliyosimama, hatazami uso. Jino la mwenzako nalo limo katika hesabu ya waliofanikiwa.

Sasa wewe. Kupandikiza siku ya kung'oa si utapeli. Inafanyika, na kwa mtu anayefaa ni njia nzuri sana ya kuushikilia ufizi usianguke. Anayefaa ni yule ambaye ukuta wake wa mbele ni mzima, ufizi wake mnene, hakuna usaha, na juu ya ncha ya mzizi kuna mfupa wa kutosha kuikamata skrubu isicheze. Wewe una mzizi wenye ufa na kipele kinachokuja na kuondoka. Ufa wa mzizi una tabia ya kula ukuta huohuo wa mbele. Ongeza hapo kwamba ukicheka fizi zote ziko nje: kosa la milimita moja, ambalo kwa mtu mwenye mdomo unaofunika lingekaa siri yake, kwako litasalimia watu.

Kwa dalili ulizonieleza, mimi niko na daktari wa pili.

Kitakachokata shauri ni picha ya CT ya taya, ile inayoonyesha mfupa kwa pande zote. Ile filamu ndogo uliyopigwa inalilaza jino bapa. Inaweza kuonyesha ufa na dalili za usaha, ila ukuta wa mbele haiwezi kuuonyesha. Kama daktari wa kwanza alikuahidi jino la siku moja kwa kutazama filamu ile tu, basi aliahidi kabla ya kuona. Mrudie, mwombe CT, msikilize upya. Huenda akabadili kauli, na daktari anayebadili kauli baada ya kuona picha ndiye wa kumwamini.

Kuhusu kuongezewa mfupa usiogope, mara nyingi ni unga unaojazwa kwenye tundu na kufunikwa kwa utando mwembamba. Unga unaotumika sana umetokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, na utando mwingi umetokana na nguruwe. Hili wagonjwa wengi hawaambiwi mpaka wajue wenyewe baadaye. Kama kwa imani yako au ya msomaji mwingine ni tatizo, semeni mapema. Zipo aina nyingine, na mfupa wako mwenyewe pia hutumika.

Na fizi nyeusi. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana vipeperushi vya kliniki vimejaa picha za fizi za waridi za watu wa mbali. Ufizi ukiwa mwembamba, daktari anaweza kuchukua nyama kidogo kwenye kaakaa na kuja kuuongezea unene. Nyama ya kaakaa mara nyingi ni ya waridi. Ikishonwa juu, wazi, itabaki kiraka cha waridi katikati ya fizi nyeusi, na kwa tabasamu lako kitaonekana hata na wanafunzi wa dawati la nyuma. Ikizikwa chini ya ufizi wako, ngozi ya juu inabaki ni ileile nyeusi yako, unene tu ndio unaoongezeka. Mwulize waziwazi: "Utaiweka juu au chini?" Swali la namna hii litakueleza pia kama amezoea kutibu watu wenye fizi kama zako.

Skrubu ikishashika, usikubali kurukishwa moja kwa moja kwenye jino la kudumu. Kuna jino lingine la muda kabla yake, na kazi yake si kukusitiri tu. Skrubu ni duara, mzizi wa jino haukuwa duara. Jino la muda huubana ufizi kidogokidogo, likaongezwa plastiki hapa na kupunguzwa pale, kwa wiki kadhaa mpaka ufizi uzoee kusimama kama uliokuwa umelizunguka jino halisi. Umbo hilo ndilo fundi analinakili. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayotenganisha jino linalopita bila kutambuliwa na lile la mwenzako, na ndiyo ya kwanza kukatwa bei ikishuka. Ukiona makadirio mawili yenye tofauti kubwa, tafuta kama jino hili la muda limo kwenye yote mawili.

Tuje kwenye mwanya. Mwambie dada yako asante, kisha uuache ulivyo. Kuna watu hapa Mwanza wanauliza kama wanaweza kuchongewa wa bandia! Lakini hata ukiuweka uzuri pembeni, hesabu haikubali. Kuuziba kwa jino moja maana yake jino hilo liwe pana kuliko pacha wake, na macho ya mtu yanagundua meno mawili ya katikati yasiyolingana kabla hayajagundua kitu kingine chochote usoni. Kama ungetaka kweli kuuziba, ingebidi uvae nyaya uyasogeze meno kwanza na upandikize baadaye, kwa sababu skrubu haisogezeki. Mwanya unakupa hata nafuu: upande ule ufizi umejilalia, hakuna nyama ya kuchongoka inayoweza kupotea. Kazi iko upande wa pili, jino linapogusana na jirani yake. Mwaka 1992 mtafiti Dennis Tarnow na wenzake walipima meno ya asili wakakuta kwamba kutoka kwenye mfupa mpaka meno yanapogusana kukiwa na milimita 5 au pungufu, nyama karibu kila mara hujaza pengo lote. Zikifika 6, ni kidogo zaidi ya nusu ya mara. Zikifika 7, ni kama robo. Panapobaki wazi huonekana pembetatu nyeusi. Mwulize daktari mfupa wa jino la jirani umekaa wapi. Huo ndio utakaoamua, kuliko ustadi wa mtu.

Mwanya huohuo unanifanya nisikushauri daraja la kawaida, lile la kuchonga meno mawili ya pembeni na kuyaunganisha. Lingepita katikati ya mwanya, na ungechongwa meno mazima bure.

Madoa sasa. Maji ya Arumeru yana floridi nyingi, na madoa yanaingia jino likiwa bado linaundwa utotoni. Maji ya ziwa hayana tatizo hilo, ila kuyanywa ukubwani hakufuti kilichokwisha kuandikwa. Una njia mbili, zote za heshima. Unaweza kubaki na rangi yako, na fundi akayachora madoa kwenye jino jipya kama yalivyo kwenye pacha wake. Fundi hodari hufurahia kazi ya namna hii. Au unaweza kuyapunguza madoa kwanza, kwa dawa ya kung'arisha au kwa kusugua tabaka la juu kitaalamu, usubiri kama wiki mbili rangi itulie, ndipo jino litengenezwe kulingana nayo. Kinachokatazwa ni kugeuza mpangilio. Dawa ya kung'arisha haibadili jino la kutengenezwa, kwa hiyo ukianza na jino na kung'arisha baadaye utakuwa na rangi mbili mdomoni. Ukiniuliza mimi, ningechora madoa. Lakini mdomo ni wako.

Siku ya kuchagua rangi nenda asubuhi, bila rangi ya midomo, na ichaguliwe karibu na dirisha mara tu ukikaa kwenye kiti. Meno yakikauka kwa kuacha mdomo wazi yanakuwa meupe kuliko kawaida, na fundi akifuata rangi ile atakutengenezea jino la mgeni. Kama fundi yuko Dar es Salaam au nje ya nchi, hajawahi kukuona, basi anategemea picha tu: zipigwe za karibu, pacha wa jino akiwa sambamba na kile kipimo cha rangi. Piga pia zako mwenyewe sasa hivi, kabla ya kung'oa, ukicheka, mdomo wazi, na za ubavuni. Tafuta na zile za zamani jino likiwa bado zima. Na kwa ufizi mwembamba, omba kiunganishi cha skrubu na jino, kile kinachopita kwenye ufizi, kiwe cha kauri ya zirkonia badala ya chuma kitupu.

Uko Nansio, si Capri Point ya Mwanza mjini. Hesabu nauli ya kivuko, malazi na ruhusa za mkuu wa shule kabla hujakubali bei yoyote. Uliza jino la muda likilegea Ijumaa jioni nawe uko kisiwani, nani atapokea simu. Kama mpandikizaji ni wa kuja na kuondoka, uliza nani anabaki na jalada lako. Dai kadi yenye jina la kampuni ya skrubu, kipimo chake na namba yake, kwa sababu vifaa vya kampuni moja mara nyingi haviingii kwenye skrubu ya nyingine, na miaka kumi ijayo huenda umehamishiwa Songea. Hakikisha pia yuko kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukitaka jicho la tatu, idara ya meno ya hospitali ya Bugando, Mwanza, ni pa kuanzia.

Kama pesa haitoshi, usikope kausha damu kwa ajili ya jino. Jino la kuvaa, au lile la kibawa, si aibu, na lile la kibawa hukaa miaka likifanywa vizuri. Kasoro ya kungoja ni kwamba mfupa unaendelea kupungua, kwa hiyo siku ya kung'oa uliza kama tundu linaweza kusafishwa na kujazwa ili upungufu uwe mdogo. Hapo unakuwa umejinunulia muda.

Hata kazi ikienda vizuri kabisa, usitegemee ibaki hivyo maisha yote. Meno ya asili huendelea kusogea polepole hata kwa mtu mzima, skrubu haisogei. Huenda ukiwa na miaka 45 jino hilo likaonekana fupi kidogo kuliko pacha wake, likahitaji kubadilishwa sehemu ya juu. Michembe, muwa na mahindi ya kuchoma vipelekwe kwenye magego, na chungwa la Ukerewe likatwe kwa kisu. Kama unavuta sigara, acha. Kama una kisukari, kidhibitiwe kwanza.

Mchumba mwambie. Huenda ukawa na jino la kuvua usiku kwa miezi kadhaa, na yeye atakuwa chumba kimoja nawe.

Halafu usilisubirishe jino hilo mpaka mipango yote ikamilike. Usaha unaokuja na kwenda unaendelea kula mfupa unaouhitaji, kwa hiyo CT ipigwe mwezi huu na tarehe ya kung'oa ipangwe. Mdomo wa juu au shavu likivimba, au ukipata homa, acha kusubiri Mwanza: nenda hospitali ya wilaya hapo Nansio siku hiyohiyo.